Kabla ya Kuweka Kidole Kwenye Karatasi

Ndugu msomaji, siku moja daktari atasimama karibu na kitanda chako, au cha mke wako, au cha mtoto wako, naye atasema, "Huyu lazima apasuliwe." Utajibu nini? Wengi wetu hapa Kitshanga hujibu neno moja tu: "Ndiyo, dokta." Kisha karatasi inaletwa, pamoja na kalamu au wino wa kutia kidole, na mambo yamekwisha. Jioni ndugu aliyeleta chakula anauliza, "Watakupasua nini?" Naye mgonjwa anasema, "Sijui. Wao wanajua."

Tunataka kusema nawe juu ya jibu hilo.

Katika milima yetu kuna ndiyo za namna mbili. Ya kwanza ni ndiyo ya heshima. Mtoto humwambia mzee ndiyo hata kama hakusikia vema, maana kuuliza tena kwaonekana kama kubisha. Ya pili ni ndiyo ya kukubali. Mtazame mtu wa Masisi anaponunua ng'ombe. Anamzunguka, anamshika pembe, anamtazama meno, anauliza amezaa mara ngapi na maziwa ni kiasi gani. Akiisha kujua hayo yote na bei yake, ndipo anatoa mkono. Hakuna mtu anayenunua ng'ombe kwa ndiyo ya heshima. Mbona basi anatoa tumbo lake kwa ndiyo hiyo?

Ile karatasi haitaki heshima yako. Inataka ujue kitakachofanywa katika mwili wako, ukubali au ukatae ukiwa umejua. Daktari mwema hachukizwi na maswali. Kwa kweli anamwogopa zaidi mgonjwa anyamazaye, maana huyo ndiye aliyekula uji kwa siri asubuhi, au anayekunywa dawa ya mizizi bila kusema.

Shida ya kwanza ni lugha. Daktari amesoma kwa Kifaransa. Wewe umezaliwa katika Kihunde, au Kinyarwanda, au Kinande, na Kiswahili ni cha soko na kanisa. Akisema upesi upesi huku akiandika, usione haya kumwambia, "Dokta, naomba mtu anieleze kwa lugha ya nyumbani." Karibu kila hospitali ina mwuguzi anayeweza. Lakini usimtumie mtoto wako wa shule kuwa mkalimani, hasa kama jambo ni la kizazi au la sehemu za siri, maana mtoto ataficha nusu ya maneno kwa aibu.

Daktari akiisha kueleza, fanya jambo hili moja, nalo ndilo kubwa kuliko mengine yote katika kurasa hizi. Mwambie, "Sasa nikurudishie maneno yako, nione kama nimesikia vema." Kisha useme kwa maneno yako mwenyewe: naumwa nini, mtakata wapi, mtatoa nini, mtaacha nini, nisipopasuliwa nitapatwa na nini, na nikipasuliwa ni hatari gani inaweza kuja. Ukishindwa kusema, bado hujajua, na kidole kikae mbali na wino. Ukiweza kumweleza hivyo mzee wako wa nyumbani, naye akaelewa, basi umejua.

Tuchukue ugonjwa mmoja unaojulikana sana kwa wanaume wanaobeba mizigo: uvimbe wa kinena, yaani ngiri. Ukuta wa tumbo umelegea mahali, na utumbo unatoka kidogo chini ya ngozi. Ukilala unarudi ndani, ukiinua gunia la viazi unatoka tena. Uvimbe wa namna hiyo unakupa nafasi ya kufikiri. Unaweza kwenda nyumbani, kuvuna maharage, kutafuta pesa, kuzungumza na mke wako, na kurudi kwa siku mliyopatana. Lakini siku uvimbe ukikataa kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, ukaanza kutapika, wala hewa haitoki tena chini, ujue utumbo umenyongwa. Hapo hesabu ni ya saa. Utumbo ulionyongwa huoza, na mtu hufa. Basi swali la kumwuliza daktari mapema ni hili: "Ugonjwa wangu ni wa kungoja au si wa kungoja? Na ni dalili gani itakayoniambia kwamba kungoja kumekwisha?"

Tena uliza watafunga tundu hilo kwa nini. Wengine hushona kwa uzi tu, wengine huweka kipande cha wavu ndani ili kutia nguvu. Watu husikia "wavu" wakaogopa. Katika Uganda, kwenye hospitali ya misioni ya Kamuli, wanaume 302 waliofanyiwa kazi hiyo walitazamwa muda wa mwaka mmoja. Wengine waliwekewa wavu wa bei kubwa, wengine wavu wa kitambaa cha chandarua kilichosafishwa kwa namna ya hospitali. Habari zao zilitangazwa mwaka 2016: katika wale wa chandarua mmoja tu alirudiwa na uvimbe, na katika wale wengine hakuna. Basi ukisikia neno wavu, usikimbie. Uliza, uelezwe. (Wala usikate chandarua cha nyumbani ukakipeleka hospitalini! Hicho ni cha kulalia.)

Sasa tuseme juu ya akina mama, maana hao ndio wanaopasuliwa mara nyingi kuliko wote, na tena usiku, na kwa haraka.

Kupasuliwa ili kuzaa si neno geni katika nchi zetu kama wengine wanavyodhani. Mwaka 1879 mgeni mmoja Mwingereza, Robert Felkin, alimwona mganga wa Bunyoro, upande wa pili wa maziwa yetu, akimpasua mama aliyeshindwa kuzaa. Mganga alimpa mama pombe ya ndizi ili asisikie maumivu sana, akaosha mikono na tumbo kwa pombe hiyo hiyo, akamtoa mtoto, akafunga kidonda kwa misumari myembamba ya chuma na uzi wa gome. Mama alipona. Basi asiyependa kisu asiseme kwamba kimeletwa na wageni.

Lakini hatari iko, na mama ana haki ya kuijua. Mwaka 2019 ilitangazwa hesabu iliyofanywa katika hospitali za nchi 22 za Afrika. Katika akina mama karibu 3,700 waliopasuliwa ili kuzaa, 20 walikufa. Hiyo ni karibu 5 katika kila 1000. Wengi wa waliokufa walikuwa na shida kubwa kabla ya kufika mezani au wakiwa mezani: damu nyingi, kondo la nyuma lililokaa vibaya au lililobanduka mapema, kizazi kilichopasuka, na wengine walidhurika na dawa ya usingizi. Tazama vema maana yake. Kisu kina hatari yake, lakini mama ambaye mtoto amemlalia kwa upande, au aliyetoka katika kijiji cha mbali akibebwa katika kipoyi baada ya siku mbili za uchungu, hatari yake ni kubwa zaidi akiachwa bila kisu. Swali la kuuliza ni, "Mimi kama nilivyo sasa, njia ipi ina hatari kubwa kwangu, na ipi kwa mtoto?" Daktari ajibu kwa habari yako wewe, asijibu kwa habari ya akina mama wote.

Nani atakayekubali? Hapo ndipo akina mama wengi wanapofia. Mtoto amekwama, daktari yuko tayari, lakini mama mkwe anasema, "Tungoje mume wake aseme." Na mume yuko Walikale kwenye machimbo, mahali simu haishiki. Saa zinapita, mtoto anachoka. Ndugu msomaji, mke mwenye umri wa mtu mzima na akili timamu aweza kukubali mwenyewe juu ya mwili wake. Zamani Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume katika mambo mengi ya sheria. Mwaka 2016 ilibadilishwa na neno hilo likaondolewa. Kumheshimu mume ni kwema, na ni vema aambiwe yote. Lakini ruhusa yake isiwe kufuli ambayo ufunguo wake uko Walikale. Baba, wewe unayeondoka kwenda machimboni huku mke wako ana mimba ya miezi saba, mwite mama yako na ndugu zako kabla ya kuondoka, useme mbele yao: "Nikiwa mbali, yeye mwenyewe ataamua, nami nitakubali alivyoamua." Maneno hayo machache yameokoa watu.

Nawe mama, uliza maswali yako ungali unakwenda kupimwa mimba, jua likiwa juu na tumbo likiwa limetulia. Usiku wa uchungu hakuna anayesikia maelezo. Uliza: "Ikiwa nitapasuliwa, nitaweza kuzaa tena? Mara ngapi? Na mimba inayofuata nizalie wapi?" Mama aliyepasuliwa mara moja ana kovu katika kizazi chake, na kovu hilo laweza kufunguka katika uchungu mwingine. Kwa hiyo asijaribu kuzalia nyumbani tena, wala mahali pasipo na chumba cha kupasulia.

Iko habari nyingine ambayo lazima isemwe wazi. Wakati tumbo limefunguliwa ni rahisi kwa daktari kufunga mirija ya uzazi, ili mama asizae tena. Akina mama wengine wanataka hivyo, nao wamefikiri pamoja na waume zao. Hiyo ni sawa. Lakini asifungwe mtu asiyejua. Katika Kenya wanawake wenye virusi vya UKIMWI walifungwa mirija bila kuelezwa sawasawa na bila kukubali kwa kujua. Mwaka 2014 walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Miaka minane walingoja neno hilo, na mirija haikufunguka kwa sababu ya hukumu. Basi kabla ya kutia kidole, uliza wazi: "Mbali na kumtoa mtoto, kuna jambo jingine mtakalofanya ndani?" Kama hutaki kufungwa, sema, na mwombe mwuguzi aandike. Kama unataka, lisemeni jambo hilo mapema, lisisemwe kwa mara ya kwanza katikati ya uchungu, wakati mtu angekubali lolote ili maumivu yaishe.

Jambo gumu kuliko hilo ni mguu au mkono. Katika miaka hii ya vita tumeona watu wengi waliopigwa risasi. Wengi wao walipelekwa Goma, kwenye hospitali ya Ndosho ya kanisa la CBCA, ambako tangu mwaka 2012 madaktari wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wamekuwa wakiwapasua waliojeruhiwa. Daktari anasema, "Mguu huu umekufa, tuukate." Jamaa wote wanalia: "Afadhali afe na miguu yake miwili!" Wanamchukua mgonjwa usiku na kurudi naye nyumbani, na baada ya siku chache wanachimba kaburi.

Hatuwacheki watu hao. Mtu anayeishi kwa kulima mlimani, mguu wake ni shamba lake. Lakini wamekataa bila kuuliza. Wangeuliza hivi: Je, damu inafika bado chini ya jeraha? Tukingoja hata kesho, sumu itapanda au haitapanda? Mtakata chini ya goti au juu yake? Swali la mwisho lina maana sana, kwa sababu aliyebaki na goti lake hutembea vema zaidi kwa mguu wa bandia. Na mguu wa bandia si ndoto: kituo cha Shirika la Umoja cha Goma kimewatengenezea watu miguu kwa miaka mingi. Omba kuonyeshwa mtu aliyekatwa mguu na sasa anatembea. Dakika tano pamoja naye zaweza kukufundisha kuliko saa nzima ya maneno. Uliza pia mguu uliokatwa utawekwa wapi. Jamaa wengine wanataka kuuzika wenyewe, na si haya kuuliza hilo.

Mwenye mguu ndiye anayeamua, kama ana akili zake. Jamaa washauri, walie, waombe. Lakini wasimbebe kama mzigo.

Uliza habari ya dawa ya usingizi. Nyingine hulaza mtu kabisa. Nyingine ni sindano ya mgongoni, nayo hutia ganzi kuanzia tumboni hadi miguuni. Utakuwa macho, utasikia watu wakizungumza na mikono ikivutavuta, lakini hutasikia kisu. Asiyeelezwa hilo mapema hudhani dawa imeshindwa, naye hupiga kelele. Na ukiambiwa usile tangu saa fulani, usile. Wengi hudhani daktari anabania chakula, hivyo bibi anamletea mgonjwa uji chini ya kitenge. Sababu ni hii: mtu aliyelazwa kwa dawa hawezi kujizuia, chakula chaweza kupanda kutoka tumboni kikaingia katika mapafu, naye akafa kabla kisu hakijamgusa. Ikiwa umekula, sema tu. Heri kusogezwa hadi kesho. Sema pia kama unakunywa kasiksi au kanyanga kila siku, kama una mimba, kama dawa fulani ilikuvimbisha zamani, na kama umetumia dawa za kienyeji. Mwuguzi hataki kukuhukumu; anapima dawa.

Habari ya damu iulizwe kabla. Je, huenda nikahitaji damu? Itatoka wapi? Imepimwa? Damu ya kuongezewa lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya namna B na C, na kaswende. Mara nyingi ndugu ndio wanaoombwa kutoa, basi waje wawili watatu wenye afya, wasije na maneno tu. Na kama imani yako inakukataza kupokea damu, liseme jambo hilo ukiwa macho, daktari ajue tangu mwanzo.

Ukiingia katika chumba cha kupasulia, watu watakuuliza jina lako, unapasuliwa nini, na upande gani. Waweza kudhani wamesahau. Sivyo. Ndiyo desturi iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za dunia, nazo zilikuwa katika miji kama London na Seattle, na moja ilikuwa ya ndugu zetu wa Ifakara, Tanzania. Kabla ya desturi hiyo, katika wagonjwa 1000, 15 walikufa. Baada yake, 8. Hayo yalitangazwa mwaka 2009. Katika maswali ya kwanza kabisa limo hili: mgonjwa amekubali? Basi jibu kwa sauti. Kama uvimbe uko upande wa kushoto nao wamepaka alama kulia, huo ndio wakati wa kuacha ndiyo ya heshima.

Wako wapendwa wanaosema kwamba kuuliza sana ni kukosa imani. Mtu aombe tu, aingie. Sisi twaona kuomba na kuuliza vyaweza kukaa katika kinywa kimoja. Hata Bwana Yesu, alipomkuta yule mtu aliyeugua miaka 38 karibu na birika la Bethzatha, alimwuliza kwanza kama anataka kuwa mzima. Alijua, na bado akauliza. Wazee wa kanisa wanaokuja kumwombea mgonjwa wanaweza kumsaidia pia kwa kuketi karibu naye daktari anapoeleza, wakasikia, wakamkumbusha baadaye aliyoyasahau kwa hofu.

Je, waweza kukataa? Waweza. Waweza pia kusema, "Nipe usiku mmoja," kama ugonjwa ni wa kungoja. Au, "Nataka daktari mwingine anitazame," Mweso, au Masisi, au Goma, kama njia iko wazi. Uliza pia wale watakaokutunza hapa watafanya nini ikiwa hukubali kisu, maana asiyepasuliwa anahitaji bado dawa ya maumivu na ya kusafisha kidonda. Ukikataa leo na kubadili nia kesho, rudi. Wala usijifiche kwa aibu. Mtoto mdogo hukubaliwa na wazazi wake. Aliyezimia, wala hana ndugu karibu, daktari atamwokoa kwanza, maelezo yatafuata.

Na bei iulizwe kabla, ikiwa na vyote ndani yake: kisu, dawa, kitanda, siku za kulala. Mahali pengine kazi hiyo ni bure kwa msaada wa mashirika, na mwaka mwingine msaada huo umekwisha. Basi usitegemee habari ya jirani aliyepasuliwa zamani.

Ukiisha kupona, kabla ya kuondoka, uliza tena: "Mlikuta nini? Mlitoa nini? Mlikata namna gani?" Omba karatasi ya kutoka, uiweke katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi yako ya kura. Lakini sisi wa Kitshanga tunajua namna karatasi zinavyopotea. Watu hukimbia usiku na mtoto mgongoni, na asubuhi wako Sake au mbali zaidi bila kitu mkononi. Kwa hiyo weka habari hiyo mahali pengine pia. Mfundishe dada yako au binti yako mkubwa aiseme kwa moyo: mama alipasuliwa mwaka fulani, katika hospitali fulani, kwa sababu mtoto alilala upande, kizazi kiko, mirija haikufungwa, alipewa damu mara moja, dawa fulani ilimvimbisha. Mwuguzi wa kambi asiyekujua, akiisha kusikia maneno hayo, atajua pa kuanzia.